Siku Bi Mwaija Alipokwenda Kusuta

Hoteli ilimwachisha kazi Bi Mwaija kwa heshima zote. Ilimpa saa ya ukutani.

Saa kubwa, plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, katikati picha ya hoteli yenyewe na bwawa lake la kuogelea, na chini yake maneno ya kumshukuru kwa utumishi wake. Miaka yote ile ya kukaanga vitumbua na kusukuma chapati za wageni, kuingia jikoni watu wamelala na kutoka akinuka moshi kama chetezo, na malipo ya kuagwa ni saa. Mtu hana tena pa kuwahi, unampa saa. Aliyebuni zawadi ile ama alikuwa na ucheshi wa kishetani, ama hakuwaza chochote. Na kwa kuwa aliyeibuni ni meneja Yunus, hakuna haja ya kuumiza kichwa.

Yunus alikuwa kijana aliyeletwa kutoka Dar na shati lililombana kama soseji, na kila alichosema alikianza na "kimsingi". Siku hiyo aliwakusanya ukumbini wapishi wote wa asubuhi, madobi, na bwana wa bustani.

"Kimsingi, sisi hapa ni familia," akaanza.

Bi Mwaija akajua hapo hapo kwamba mambo yameharibika. Tangu azaliwe hajawahi kusikia familia ikijitambulisha.

"Wageni wa siku hizi hawataki mafuta mafuta. Wanataka mkate wa slesi na nafaka kwenye maziwa ya baridi. Kwa hiyo kimsingi jiko tunalipunguza."

"Maziwa ya baridi asubuhi?" Bi Mwaija akauliza. "Wanaumwa?"

Watu wakacheka, Yunus naye akacheka, kisha akawagawia saa zao. Bwana wa bustani aliipokea yake kwa mikono miwili, akaigeuza nyuma kuangalia kama ina betri. Haikuwa nayo.

Bi Mwaija alirudi Dunda, mtaani kwake hapo Bagamoyo, kwa miguu na saa kwapani. Kabla ya kufika kwake alipitia kwa Shufaa, shoga yake wa tangu utotoni, akakaa barazani, akaweka lile lisaa mapajani, akasema maneno ya mtu aliyeshikwa na hasira. Shufaa akampa maji ya kunywa, akampa pole, na Bi Mwaija akaenda zake. Maneno yenyewe hakuyakumbuka tena. Hasira ikishatoka mdomoni, nani anaifuata kuona imeelekea wapi?

Nyumbani alikuwa akingojewa na Mina, mjukuu wake.

Mina alikuwa na miaka tisa na hakuwa na neno hata moja mdomoni. Alitembea kwa vidole vya miguu kama anayeogopa kuiamsha sakafu. Akifurahi alipepesa viganja, akiudhika alijipiga kichwa, na kelele ya ghafla kwake ilikuwa kama maji ya moto kumwagiwa mwilini. Daktari aliwaambia jina la hali ile: usonji. Watu wa mtaani, ambao hawajasomea udaktari wala kitu kingine chochote, walikuwa na majina yao mengi zaidi, na karibu yote yalikuwa na jini ndani.

Baba wa Mina, yaani mtoto wa Bi Mwaija mwenyewe, anaitwa Husseni. Ni dalali wa viwanja kule Mapinga. Husseni anaweza kukuuzia kiwanja kilichoko ndani ya maji ya bahari na ukaondoka unamshukuru. Mtoto alimleta kwa mama yake "kwa wiki mbili tu, mama, mpaka nijipange," na tangu siku hiyo anajipanga. Kila mwezi hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu, mrefu, wenye Alhamdulillahi nyingi, wa kumwambia mama yake avute subira. Subira ndicho kitu pekee alichowahi kutuma. Mama wa Mina naye aliolewa upya Msata, na mume mpya alitangaza kwamba yeye kaoa mwanamke, hakuoa hospitali. Mwanaume aliyesema hivyo ana henia na anakoroma kama lori la Chalinze, lakini huyo ni mzima.

Ukiacha mwalimu wa darasa maalumu, aliyekuwa akimjua Mina kama mtu anavyomjua mtu, wengine waliowahi kumjali ni wale wa fulana. Walikuja siku moja na gari, wamevaa fulana za rangi moja, wakasema wanaelimisha jamii. Walikuja kuelimisha jamii kuhusu watoto wasiovumilia kelele, na wakaja na spika kubwa kama kabati la nguo. Mina alipoanza kulia chini ya meza, wakampiga picha.

Ile saa ya hoteli Bi Mwaija aliinunulia betri, akaipigilia ukutani. Ikaanza tiki, tiki, tiki. Mina akaziba masikio na kujibanza kwenye kona. Bibi akapanda kigoda, akatoa betri, na saa ikafa pale pale ilipokuwa. Iko ukutani mpaka leo na haijawahi kusema kweli ila kwa bahati. Katika hilo imefanana na walioitoa.

Mtu aliyekaanga vitumbua maisha yake yote akifukuzwa kazi hageuki kuwa rubani. Bi Mwaija alitoa chuma chake cha vitumbua, akaloweka mchele, akakuna nazi, akatoa meza nje, kando ya barabara wanapopita watu wa sokoni na bodaboda. Mafuta yalipochemka tu, harufu ya iliki ilishika mtaa mzima. Siku za mwanzo watu walipanga foleni. Katika pesa zile kulikuwa na ugali wa Mina, na sabuni yake, na bodaboda ya kumpeleka darasani, maana shule iko mbali na Mina hawezi kupita kwenye kelele za stendi kwa miguu.

Na Mina alikuwa na kazi yake katika biashara ile. Kila mkupuo wa kwanza ukitoka, bibi alimpa kitumbua kimoja. Kikiwa kimeiva sawa, Mina alikila taratibu, akipepesa kiganja kimoja. Kikiwa kimeungua chini hata kwa kiasi cha ukucha, alikitema na kukisukuma mbali. Akikitema, Bi Mwaija alipunguza moto. Akikila, anaanza kuuza. Jikoni hotelini kulikuwa na watu waliosomea kuonja na hawakujua nusu ya kile. Wao walisomea kusema "kitamu sana".

Kisha wateja wakakatika.

Hawakupungua, walikatika. Leo foleni, kesho mtu mmoja mmoja, keshokutwa watu wanapita upande wa pili wa barabara wakiangalia mbele kama askari wa gwaride. Mtu aliyekuwa akichukua vya wanawe kila asubuhi alimsalimia kutoka mbali, "Shikamoo Bi Mwaija," bila kusimama, na kesho yake hata shikamoo ilikwisha. Beseni lilibaki limejaa. Bi Mwaija alionja mwenyewe, akadhani labda nazi imeharibika. Nazi haikuwa na kosa. Ijumaa ile bodaboda hakuitwa, na Mina akashinda nyumbani akizunguka meza, akiutazama mlango. Jumatatu vilevile.

Aliyemwambia ukweli ni Geeta mwenye duka la mchele na unga, mwanamke asiyekuwa na muda wa kuzunguka na neno.

"Mwaija, wewe unachukua mchele nusu ya zamani. Unajua kwa nini watu hawanunui?"

"Nitajuaje? Wamenyamaza kama wamekula gundi."

"Wanasema mtoto anaonja kwanza. Wanasema ana jini, jini linakula la kwanza, wao wanakula makombo. Hilo jini linakula riziki. Limekula kazi yako hotelini, sasa anayekula kitumbua chako na yeye atafukuzwa kazi."

Bi Mwaija alisimama pale na mfuko wake mikononi. Nusu ya watu waliokuwa wakinunua vitumbua vyake hawakuwa na kazi hata moja ya kufukuzwa. Walikuwa wanalinda nini?

"Nani kasema?"

"Mimi nimesikia kwa Mama Najim. Amesema hapa hapa, ananunua sabuni. Ukienda kwake usinitaje. Au nitaje, sijali. Kwangu anakopa."

Mama Najim! Muuza mihogo ya kukaanga, meza yake upande wa pili wa barabara ile ile, mwanamke mwenye kifua kama gati na sauti ya kuitia meli. Bi Mwaija hakuhitaji kusikia zaidi. Aliondoka dukani moja kwa moja hadi kwa Shufaa.

"Shoga," Shufaa akasema, macho yanang'aa, "huyo ni wa kusutwa."

Kusutwa kwa watu wa pwani si ugomvi. Ugomvi ni wa wahuni. Kusuta kuna sheria zake. Mwenye kusingiziwa hukusanya wanawake, wakavaa sare, wakaenda na ngoma mchana kweupe hadi mlangoni kwa mbeya. Pale huulizwa: ulisema, hukusema? Akikana, mashahidi wapo. Akikubali lakini akasema naye alisikia kwa fulani, basi ngoma inahamia kwa fulani, na fulani naye ataje, mlango hadi mlango, mpaka apatikane asiye na wa kumtaja. Huyo ndiye mwenye neno. Huyo anaimbiwa mpaka anatamani ardhi impokee, na aliyesutwa njiani kwa neno ambalo si lake hulipwa fidia anayoitaka mwenyewe.

Shufaa alikuwa kungwi na kiongozi wa kikundi cha kina mama, na kusuta kwake kulikuwa kama harusi kwa mwingine. Sare zikapatikana jioni ile ile, kanga za zambarau. Mudi mpiga ngoma ya mdundiko akaambiwa aje na vijana wake baada ya alasiri. Wanawake waliokuwa wakipita upande wa pili wa barabara kuikwepa meza ya vitumbua walikuja mbio kuomba kanga. Vitumbua vya Bi Mwaija walikuwa wanaviogopa; kumwona mtu akiaibishwa hawakuogopa hata kidogo. Bi Mwaija aliwatazama wakijifunga vilemba barazani kwake na akawadharau mmoja mmoja, kwa majina.

Tatizo lilikuwa Mina. Mdundiko haupigwi kwa kunong'ona. Bi Mwaija alimpeleka dukani kwa Geeta.

"Mwache," Geeta akasema. "Asimwage tu."

Mina alishaona gunia la mchele lililo wazi. Alitumbukiza mikono mpaka kwenye viwiko, akafumba macho, na akawa hahusiani tena na mtu yeyote wa Bagamoyo.

Msafara ulitoka ukapendeza. Ngoma mbele, Shufaa akiongoza nyimbo, Tatu wa samaki, mwanamke mkaanga samaki wa sokoni, akipiga njuga mpaka jasho linamchuruzika, vigelegele huku na huku, bodaboda zimesimama, watu wamepanda kuta. Bi Mwaija alitembea katikati, shingo imenyooka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya saa alijiona mtu.

Mama Najim alikuwa nje anageuza mihogo. Aliuona msafara unakuja, akaangalia nyuma yake kuona unakwenda kwa nani, na nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Ngoma ikanyamaza. Shufaa akajitokeza.

"Hodi kwa mwenye mji."

"Karibuni. Mmekuja kununua mihogo na ngoma?"

"Mama Najim, umesema mjukuu wa Bi Mwaija ana jini la kula riziki, na kwamba vitumbua vyake ni makombo ya jini. Ulisema, hukusema?"

Mama Najim aliweka upawa chini, akajifuta mikono polepole, akawatazama wote kuanzia kilemba hadi kandambili.

"Nilisema," akasema. "Mimi siogopi maneno yangu. Lakini sikuyazaa mie. Mimi niliyasikia."

"Kwa nani?" wanawake wakapaza sauti.

"Kwa huyo hapo." Akanyoosha kidole. "Huyo mwenye njuga."

Njuga za Tatu zikalia mara moja, zenyewe, kisha zikanyamaza.

"Tatu," Shufaa akasema taratibu, "ulisema, hukusema?"

"Mie? Mie nilisema mtoto ana nuksi. Jini sikutia mie! Jini katia yeye!"

"Nuksi ukaitoa wapi?"

Tatu alimtazama Shufaa kwa mshangao wa kweli kabisa. "Si kwako wewe, Bi Shufaa? Siku ile unanunua samaki changu. Hukuniambia kwamba yule mtoto ndiye kamfukuzisha bibi yake kazi, na tangu aingie nyumba ile haijaonekana heri? Ukatikisa kichwa, ukasema maskini."

Vijana wa ngoma wakaanza kutazamana. Wanawake wa nyuma walisogea mbele wapate kusikia, na wa mbele wakasogea pembeni ili wasiwemo. Dakika moja nyuma walikuwa jeshi, sasa walikuwa watu waliovaa kanga zinazofanana.

"Bi Shufaa!" Mama Najim akasema, na sauti yake ilikuwa tamu kama kashata. "Kiongozi! Ulisema, hukusema?"

Uso wa Shufaa ulikuwa umebadilika, si kwa hofu bali kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Alimgeukia Bi Mwaija, na alichosema alikisema kwa sauti ndogo, lakini ukuta mzima wa watu ulikuwa umeshajinyamazia.

"Shoga. Si wewe uliniambia? Umekaa barazani kwangu na ile saa mapajani. Ulisema, mtoto huyu ndiye kanifukuzisha kazi. Kelele zake mbele za wageni. Ukasema tangu aingie kwangu sijaona heri. Mie nilisikitika tu, wallahi. Nilimwambia Tatu kwa kusikitika."

Na Bi Mwaija akayakumbuka. Yalimrudia yote, neno kwa neno, na ladha yake.

Ilikuwa kweli kwamba Mina aliwahi kupiga kelele hotelini. Likizo moja ya shule, hakuna wa kumwachia, bibi alimweka kwenye stoo ya jikoni, na mashine ya kusaga juisi ikawashwa bila taarifa. Wageni waligeuza shingo. Yunus alikuja akasema pole, mama. Lakini bwana wa bustani hakuwa na mjukuu, na alipewa saa. Madobi walipewa saa. Wapishi wote wa asubuhi, ambao watoto wao wanasema na kuimba na kuhifadhi juzuu, walipewa saa. Bi Mwaija aliliona hilo kwa macho yake, ukumbini, siku ile ile. Alilijua anatoka getini. Na bado alipofika kwa Shufaa, alipotafuta wa kumtupia, hakumtupia Yunus mwenye shati lake. Alimtupia mtu pekee asiyeweza kujibu.

Alikuwa amewadharau watu wengi mwezi ule. Husseni, mume wa Msata, watu wa fulana, mtaa mzima. Sasa alitafuta katika wote yule wa kumpita yeye, na hakumwona.

Mudi mpiga ngoma akakohoa. "Samahani, mama zangu. Sasa tunapiga kwa nani?"

Mtu akacheka huko ukutani. Mama Najim hakucheka. Alikuwa ameshakunja mikono juu ya kile kifua, na alikuwa na sheria upande wake, jambo ambalo halikuwahi kumtokea maishani.

"Bi Mwaija. Ulisema, hukusema?"

Angeweza kukana. Shahidi alikuwa mmoja, tena shoga yake, na Shufaa angemeza neno kama angekonyezwa. Konyezo moja tu lilitosha, na aibu yote ingemrudia Mama Najim au ingebaki kwa Tatu na njuga zake. Lakini akikana, neno litabaki mtaani bila mwenyewe, na neno lisilo na mwenyewe nani atalirudisha ndani? Litamfuata Mina mpaka ukubwani.

"Nilisema," akasema.

"Mbele ya watu ulikuja kwangu na ngoma."

"Nilikuja."

"Basi sheria ni sheria. Ngoma iende kwa mwenye neno. Mudi! Vijana! Kwa Bi Mwaija, twende."

"Njooni," Bi Mwaija akasema. "Mniimbie, stahili yangu. Lakini ngoma zibaki hapa. Mjukuu wangu haziwezi."

"Alaa! Masikio yangu mimi ni ya chuma?"

"Yako ni mazito, Mama Najim. Yanajulikana. Yake ni mepesi. Mnataka kunisuta mie au yeye?"

Mama Najim akamtazama Mudi, akamtazama Bi Mwaija, akavuta sonyo refu lililoanzia Dunda likaishia Kaole.

"Ngoma zikae," akasema. "Lakini utasema kwa sauti. Usininong'onee."

Hivyo ndivyo Dunda ilivyoona kitu ambacho haijawahi kukiona: watu wa kusuta wanatembea kimya, na anayeongoza ni anayekwenda kusutwa. Mudi aliachwa kwenye mihogo, ambayo aliila. Walipopita dukani, Bi Mwaija aliingia akamtoa Mina kwenye gunia. Mtoto alikuwa na unga wa mchele mpaka nywele. Geeta akavuta shata la mlango wa duka chini, akafuata nyuma, biashara ingengoja.

Bi Mwaija alisimama mlangoni kwake, mgongo kwa mlango, Mina akiwa amemshika pindo la kanga ya zambarau na kulisugua kati ya vidole. Nyuma yao, ukutani, ile saa ilionyesha wakati wake wa uongo.

"Nilisema huyu ndiye kanifukuzisha kazi," akasema, kwa sauti. "Ni uongo. Nilijua ni uongo nilipokuwa ninausema. Kazi nimefukuzwa na Yunus kwa sababu ya mkate wa slesi. Mtoto hana nuksi wala jini. Hana hata kelele kama zenu. Anaonja kwa sababu ulimi wake haudanganyi. Akikitema, kimeungua. Basi. Haya, imbeni."

Waliimba. Hawakuwa na budi, watu wamevaa. Lakini kuimba bila ngoma, kwa sauti ya chini, mbele ya mtoto anayekusugulia pindo la kanga, si kazi nyepesi, na wimbo wa kumtukana mbeya ulitoka kama wa kubembeleza. Mina hakuziba masikio. Shufaa alilia, kamasi juu ya sare. Tatu aliziweka njuga zake kwapani na kuzibana.

Ulipokwisha, Mama Najim akapiga kofi moja.

"Na fidia yangu?"

Watu waliguna. Ilikuwa imesahaulika, na yeye si mtu wa kusahau.

"Nimesutwa mchana kweupe, mihogo yangu imeungua, yule mpiga ngoma kaila iliyobaki. Sheria inasema nichague."

"Chagua," Bi Mwaija akasema. Akilini alikuwa ameshakitoa kile chuma cha vitumbua, maana ndicho kitu pekee cha maana mle ndani, na akawaza: atakitaka hicho, mwanamke huyu, ndiyo tabia yake.

"Vitumbua," Mama Najim akasema. "Nimetukanwa kwa ajili ya vitumbua ambavyo sijaonja hata kimoja. Kesho asubuhi nakuja kula, bure, mpaka nitosheke mie. Na sili ndani. Nakula hapo barabarani, mezani, watu wanione umenilipa."

Wanawake walitazamana. Mmoja akamgusa bega. "Mama Najim, lakini mtoto anaonja kwanza..."

"Nimesema nataka fidia yangu!"

Asubuhi alikuwepo kabla mafuta hayajachemka, amevaa vizuri, amebeba kiti chake mwenyewe kwa kuwa viti vya Bi Mwaija hakuviamini. Barabara nzima ilikuwa na shughuli isiyo na sababu. Watu walifunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mkupuo wa kwanza ukatoka. Bi Mwaija akampa Mina kimoja. Mina akakiuma, akakitema, akakisukuma mbali.

"Kimeungua chini," Mama Najim akatangaza, ameinama kukikagua. "Hata mtoto kakiona. Unanilipa kwa vilivyoungua? Punguza moto, bi mkubwa wewe!"

Moto ukapunguzwa. Mkupuo wa pili, Mina alikila taratibu, kiganja kimoja kikipepea hewani.

"Haya. Hivyo hivyo. Nipe, na usinitilie kwenye gazeti."

Alikula vingi. Alikula mdomo wazi, kwa kelele, kama ng'ombe kwenye majani mabichi, akigeuza shingo huku na huku, mpaka watu wa upande wa pili wa barabara walisikia anavyotafuna. Bi Mwaija alisimama na kijiti chake cha kugeuzia akimtazama kwa dharau isiyo na kifani. Mwanamke hana adabu ya meza hata ya kuazima.

"Sukari haba," Mama Najim akasema, akilamba vidole. Akawageukia waliosimama. "Na nyie mnatazama nini? Mimi nakula kwa haki yangu. Nyie mnalipa."

Wa kwanza kuvuka barabara alikuwa yule wa shikamoo ya mbali. Alisimama mbele ya meza, hana pa kuweka macho.

"Shikamoo, Bi Mwaija."

Bi Mwaija alimwacha asimame kidogo na ile shikamoo yake mkononi.

"Marahaba," akasema. "Ngoja mkupuo utoke. Na mtoto aonje kwanza."